Je, ni Halali Kuacha Kazi Bila Kuaga?

Huko Kindu mto Lualaba wautenga mji na mtaa wa Alunguli ulio ng'ambo. Tuseme mtu mmoja ameajiriwa kwa miaka 2 kuvusha watu kwa mtumbwi wa mota. Jumapili jioni bwana mwingine amwahidi mshahara ulio bora, akisema: "Njoo kesho." Asubuhi mvushaji haonekani. Wanawake wenye vikapu vya mihogo wamesimama ukingoni. Mama mmoja amempakata mtoto mgonjwa, autazama mtumbwi uliofungwa. Je, mvushaji amekosa, au ametumia uhuru wake tu?

Kwanza tufahamu ya kwamba kuacha kazi si dhambi, maana mfanyakazi si mtumwa. Wakati wa Wabelgiji, amri ya tarehe 16 Machi 1922 iliweza kumtia gerezani mfanyakazi Mwafrika aliyevunja mkataba wake. Amri ya namna hiyo hufundisha hofu, haifundishi uaminifu.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yafuata njia nyingine. Kama mkataba hauna mwisho uliowekwa, bwana wa kazi amwondoaye mtu asiye na kosa zito humpa siku za kuaga, ziitwazo preavi ofisini. Hazipungui siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa utumishi huongeza 7. Mfanyakazi aondokaye kwa hiari yake adaiwa nusu. Basi mvushaji wetu angepewa siku 28, naye adaiwa 14. Asiyezitimiza hafungwi, bali hulipa fidia ya siku alizopunguza.

Labda mtu atasema: "Nikilipa fidia, deni limekwisha." Mbele ya sheria, ndiyo. Lakini fidia humlipa bwana wa kazi. Haimvushi mtoto mgonjwa. Siku za kuaga zimewekwa ili mtu mwingine atafutwe, aonyeshwe kazi, na wale waliotegemea mkono wako wasiachwe ukingoni.

Je, yampasa mtu kungoja sikuzote? Hapana. Bwana akimpiga, akimtukana vibaya, au akimkata mshahara pasipo haki, sheria yamruhusu kuondoka mara moja, kwa maana bwana ndiye aliyevunja agano kwanza. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum novarum ya mwaka 1891, alifundisha mambo mawili pamoja: mfanyakazi atimize kwa uaminifu kazi aliyoikubali kwa hiari na kwa haki, na bwana amnyimaye mtu ujira wake atenda dhambi kubwa. Haki hudai pande zote mbili.

Lakini kama bwana hakukosa, njia ya haki i wazi. Mvushaji angekwenda kwake usiku ule ule, akamwambia ukweli, akaomba siku zipunguzwe, akamleta kijana ajuaye mota. Wakipatana, aende kwa amani. Asipokubaliwa, amwambie bwana mpya: "Ningoje kidogo." Na bwana mpya mwenye akili atafurahi, kwa kuwa amwachaye mwenzake leo bila kuaga, kesho atamwacha yeye vivyo hivyo.

Basi, ewe mkatekumeni, siku utakapotaka kuacha kazi, usiulize tu, "Nitapata nini?" Uliza pia, "Ni nani atakayesimama ukingoni akiningoja?"