Deni la Elimu

Kila mwenye elimu ni mdeni. Yamkini, msomaji, hukupata kulifikiri jambo hili, kwa sababu karo ya shule hulipwa na risiti hutolewa, na mtu akiisha kushika risiti hudhani kuwa hesabu imekwisha. Walakini yako madeni yasiyoandikwa katika risiti. Dawa uliyomeza ulipougua ilijulikana kuwa ni dawa kwa sababu mtu mwingine, usiyemjua, aliimeza kabla yako ili ionekane kama huponya au hudhuru. Basi swali ninalokuletea ni hili: mtu aliyetoa mwili wake ili wengine wapate maarifa anadai nini, na nani amlipe?

Ili swali lisielee hewani, twende mahali. Mashariki ya Nairobi, karibu na soko la Gikomba, uko mtaa wa Pumwani. Huko ndiko iliko hospitali ya uzazi iliyoanzishwa mwaka 1926, na huko ndiko kuliko Majengo. Katika Majengo waliishi wanawake ambao dhiki iliwasukuma kuuza miili yao ili wapate kodi ya chumba na chakula cha watoto. Mchana watu waliwatupia majina ya aibu, hata wale waliowabishia hodi usiku.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, akiwamo Frank Plummer, walichunguza maradhi kama kisonono na pangusa. Elizabeth Ngugi, muuguzi na mwalimu, aliwakusanya wanawake hao barazani akawafundisha namna ya kujikinga. Mwaka 1985 damu ilipopimwa, ilionekana kuwa katika kundi la wanawake maskini waliopimwa, karibu theluthi mbili walikuwa wamekwisha kupata virusi vya UKIMWI.

Wanawake wale wakaendelea kurudi zahanati, mwaka baada ya mwaka. Walitoa damu, walitoa majimaji ya njia ya uzazi, walijibu maswali ambayo mtu hamwambii hata dada yake. Kutokana nao ulimwengu ulijifunza kwamba vidonda vya sehemu za siri huvifungulia virusi mlango, na kwamba mafundisho ya barazani pamoja na kondomu huokoa maisha. Kisha likaja jambo la ajabu. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba kati ya wanawake 424 waliokuwa hawana virusi walipoanza kuangaliwa, 239 walivipata. Lakini 43 walihesabiwa kuwa na kinga, maana hatari iliwazunguka miaka mingi isiwaguse. Wataalamu wakataka kujua siri ya damu hiyo. Mwaka 2001 chanjo iliyotungwa kwa kufuata elimu hiyo ilianza kujaribiwa Nairobi, ingawa haikuonyesha nguvu iliyotarajiwa.

Hapo kabla, mwaka 2000, ulizuka ubishi baina ya wataalamu wa Nairobi na wa Oxford juu ya hati ya haki ya ugunduzi, kwa kuwa Wakenya walilalamika kuwa wameachwa nje. Ubishi ulimalizwa kwa mapatano, na ilikuwa haki wao kudai. Lakini tafakari, msomaji. Wenye vyuo waligombea hati. Nani aligombea kwa ajili ya wenye damu?

Mtu mmoja atasema: “Walitibiwa bure. Walitoa, wakapewa, deni limekwisha.” Matibabu yale yalikuwa mema, na asiyeyataja ni mdhulumu. Lakini biashara ya haki hutaka watu wawili walio huru kukataa. Mwenye njaa na maradhi, asiye na zahanati nyingine, akisema “ndiyo”, tunajuaje kwamba ni moyo uliosema, wala si tumbo? Ridhaa yake ni ridhaa, lakini huongeza wajibu wa aliyeipokea.

Wa pili atasema: “Basi maskini wasichunguzwe kabisa.” Neno hili lina sura ya huruma na matunda ya dhuluma. Mwaka 1977 idara ya dawa ya Marekani iliagiza wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiingizwe katika majaribio ya kwanza ya dawa, kwa nia ya kuwalinda. Agizo hilo liliondolewa mwaka 1993, kwa sababu kumlinda mtu kwa kumwacha nje ni kumwachia maradhi yasiyojulikana na dawa zisizopimwa kwa mwili wake. Mwanamke asiyechunguzwa hasalimiki, husahauliwa.

Basi deni halilipwi kwa kukimbia. Hulipwa kwanza kwa ukweli. Baadhi ya wanawake waliodhaniwa kuwa na kinga waliambukizwa baadaye. Habari iliyokuwa furaha kwa ulimwengu ingaliweza kuwa mauti kwa yule aliyeiamini akaacha kujihadhari. Kwa hiyo mtoa damu ana haki ya kujua yaliyoonekana ndani yake, na mipaka ya yale yanayojulikana. Pili, hulipwa kwa siri kutunzwa, na kwa ruhusa ya kujitoa pasipo kunyimwa tiba. Tatu, hulipwa kwa fungu la matunda: dawa ikipatikana, isimfikie mwisho aliyekuwa wa kwanza kutoa. Mwaka 2018 ulitolewa mwongozo wa uchunguzi katika nchi zenye uhaba, na wanawake wa kazi hiyo hiyo wa Nairobi walishauriwa ulipotungwa. Umesimama juu ya nguzo nne: haki, heshima, uangalizi na uaminifu. Tazama jinsi walioitwa wasio na heshima walivyoufundisha ulimwengu maana ya heshima.

Kijana unayesoma, huenda kesho utavaa koti jeupe, na mbele yako atakaa mama wa Majengo, au wa Kaloleni, amekunja mkono wa nguo akingoja sindano. Usimwone chupa ya damu. Mwulize jina, mweleze kazi yako kwa lugha anayoielewa, na ukiisha kupata ulichokitafuta, rudi umwambie ulichokipata. Na kama wewe ndiwe utakayekaa katika kiti chake, uliza bila haya, maana mwili ni wako. Chanjo ya UKIMWI ingali inatafutwa hata leo, na siku itakapopatikana, sifa zitakuwa nyingi. Siku hiyo mkumbuke mwanamke aliyepanga foleni zahanati alfajiri, akarudi chumbani kwake asitajwe gazetini. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Wala hawakusema kwamba mdai akiwa maskini deni hufutika.