Kilio cha 1978: nani anastahili kuliliwa?

Kwetu Kolwezi mtu akikufa, majirani hawaulizi kwanza alikuwa wa upande gani. Wanaleta kuni, wanaleta unga, wanalala inje pamoja na wenye kufiwa. Kama marehemu aliacha deni ao ugomvi, maneno hayo yatasemwa kisha kuzika. Basi, desturi hii inatufundisha nini juu ya vita ya 1978?

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, wakiongozwa na Nathanaël Mbumba, walitoka Angola wakakamata mji wetu. Tarehe 19 askari wa parashuti wa Ufaransa waliruka hapa, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Katika siku hizo raia wengi sana waliuawa. Hesabu zinatofautiana, lakini inatajwa mara nyingi kwamba walikufa Wazungu zaidi ya 100, na Waafrika karibu 700. Wazungu walitafutiwa majina. Mwaka wa 1980 Ufaransa ilitoa hata filamu juu ya askari wake. Watu wetu wengi wamebaki ndani ya neno moja: "karibu".

Mtu atasema: kati yao kulikuwa wenye kuonyesha waasi nyumba za wengine, ao wenye kushitaki jirani kwa askari wa Mobutu. Hao nao tuwalilie? Swali ni nzito. Lakini kilio si hukumu. Kumlilia mtu si kusema alikuwa mwema. Ni kusema alikuwa mtu, alizaliwa na mama. Tena hukumu yenyewe inahitaji majina. Ndani ya "karibu 700" mwenye kosa na asiye na kosa wamefunikwa shuka moja.

Wengine wanasema: "Tuache ile maneno, itatuletea tena vita." Woga huo una sababu. Mwaka wa 1992 na 1993 tuliona ndugu zetu wa Kasai wakifukuzwa. Lakini pale mtu aliitwa kwa kabila lake, si kwa jina lake. Kutaja wafu mmoja mmoja ni kinyume cha jambo hilo.

Wazee wetu wanapatia mtoto jina la marehemu ili lisipotee. Waliokuwa vijana 1978 wamezeeka sasa. Kila jamaa iwaulize, iandike majina ya watu wake, wa upande wowote, wangali wanakumbuka.