Mstari Kati ya Nukta

Je, mtu aweza kusema kweli juu ya jambo asiloliona? Huenda ukanijibu upesi kwamba hawezi. Ngoja kwanza, msomaji, nikuonyeshe chombo kimoja cha mafundi wa umeme, kiitwacho osiloskopu ya dijitali.

Chombo hiki hupima umeme na kuuchora kiooni kwa umbo la wimbi. Ukilitazama wimbi hilo, laini na lisilokatika, wadhani kimeliona lote. Sivyo. Kimepima kwa vipindi, tuseme mara 1,000 kwa sekunde, na kila kipimo ni nukta moja tu. Yaliyopita kati ya nukta na nukta hakikuyaona. Mstari uliopo hapo kimeuchora chenyewe kwa hesabu.

Huo si uwongo? Mwaka 1949 Claude Shannon, mtaalamu wa Marekani, alionyesha jambo la ajabu: ikiwa wimbi halina ndani yake mtetemo ufikao nusu ya idadi ya vipimo, basi nukta hizo zatosha kulirudisha lote. Hakuna mstari mwingine uwezao kuzipitia pasipo kulivunja sharti hilo. Hapo chombo hakibahatishi.

Lakini liangalie neno lile "ikiwa", maana ndilo libebalo mzigo wote. Kipe chombo chetu wimbi litetemekalo mara 900 kwa sekunde: kitakuchorea, kwa unadhifu usiotia shaka, wimbi la mara 100. Nukta zote ni za kweli, hata moja haikughushiwa, na picha ni ya uwongo! (Ndiyo maana napenda kitufe kilichomo katika baadhi ya vyombo hivi, kiondoacho mstari na kuacha nukta tupu, ingawa picha yake haipendezi.)

Fundi mwangalifu hulichuja wimbi kabla ya kulipima, ili sharti litimie. Mwenendo wa mwanadamu nani auchuje? Nilipokuwa shuleni tulimwona mwenzetu akiingia bwenini adhuhuri, peke yake. Jioni fedha za mwanafunzi mmoja zikakosekana. Nukta mbili hizo zilikuwa za kweli. Tukauchora mstari, tena tukauapia mbele ya mwalimu, naye akachapwa. Baada ya juma moja fedha zilionekana katika mfuko wa koti la mwenyewe. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza adhuhuri ile alifuata nini bwenini, na tulipotaka kumwuliza, alikwisha kuhama.