Bastola Iliyogoma na Hatia ya Aliyeifyatua
Tarehe 30 Januari 1835, kwenye jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, Richard Lawrence alimlenga Rais Andrew Jackson akafyatua bastola. Fataki ililia, baruti haikushika moto. Akatoa ya pili. Nayo ikagoma vilevile. Wengi walitaja unyevu wa hewa. Jackson aliona mkono wa Mungu. Je, kugoma huko kunapunguza hatia? Kwa mtazamo wa mwanafalsafa Kant, ubaya umo katika nia, na baruti iliyolowa haimtakasi mtu. Mwanafalsafa mwingine, Thomas Nagel, mwaka 1976, alionyesha ugumu uliopo: aliyeua huadhibiwa zaidi ya aliyejaribu, hata pale kilichowatenganisha ni bahati tu. Lawrence mwenyewe ni mfano wenye dosari, kwani mahakama ilimwona mwendawazimu, haikumtia hatiani.