Kutenda na Kutendua

Kiswahili kinajua kurudi nyuma. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunatega na kutegua. Kompyuta nayo ina neno lake: tendua. Lakini kutoka "sema" hatupati "semua". Nilijifunza hilo kwa bibi yangu, Nyamisangura, Tarime, nikiandika maneno yake kwa Kikuria.

Alitaka wajukuu wajue jinsi ndugu wawili wa ukoo wetu walivyogombania shamba, na jinsi walivyopatana. Yeye alisema, mimi nikaandika. Sikurekodi sauti.

Kiswahili kina irabu tano, Kikuria kina saba. Mbili za ziada naziandika ɛ na ɔ, na hazimo kwenye kibodi ya dukani. Nilitumia programu ndogo: nabonyeza nukta-mkato, kisha e, nayo inafuta ile nukta-mkato na kuweka ɛ. Kwangu hiyo ni herufi moja. Kwa kompyuta ni vitendo kadhaa: weka, futa, weka. Ukiongeza alama ya toni, mambo yanazidi. Katika Unicode, é ina namba yake, U+00E9, lakini ɛ́ huundwa kwa namba mbili, kwa hiyo ukifuta mara moja huenda ikaondoka alama tu, herufi ikabaki.

Jioni nilifuta aya kwa bahati mbaya. Kwa pupa nikabonyeza Ctrl na Z, tena na tena, nikapitiliza. Aya ikarudi na nukta-mkato katikati ya maneno, irabu hazipo. Nikaanza kusafisha kwa mkono, na hapo njia ya kurudi mbele ikafungika.

Neno moja likanishinda. Lilikuwa na e au ɛ? Yote mawili yalileta maana, ila maana tofauti. Nikachagua lililopendeza zaidi.

Kesho yake nilimsomea. Alinisikiliza hadi hapo, akasema, "Hilo sikulisema, mjukuu wangu." Hakukasirika. Akauliza tu: "Na kama ningekuwa nimeshakufa?"

Ni kweli kwamba anayeandika Kiingereza hutendua kosa lake bila kufikiri, na sisi wa lugha ndogo tunalipia kila kosa. Huo si usawa, na watengenezaji wa programu wana deni kwetu. Lakini siwezi kujificha nyuma ya deni hilo. Kosa la mashine liliishia kwenye nukta-mkato. Kuchagua neno nisilolisikia, kisha kuliweka kinywani mwa bibi, hicho kilikuwa kitendo changu. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka nilipokaa. Niliona aibu kuuliza.

Siku hizi nikishindwa na neno naacha pengo, napiga mstari chini yake. Ukurasa wa bibi una mapengo matatu. Jumamosi narudi kwake nayo.