Dhamana ya Mkono Utiao Sahihi

Kila kazi kubwa, iwe ya serikali, ya kampuni au ya jamaa wa mtaa, hutanguliwa na karatasi. Karatasi hiyo hueleza ni kitu gani kitakiwacho, ni nani akitakaye, ni kiasi gani, mahali gani na kwa gharama gani. Mtu mmoja huiandika, na mwengine hupewa aisome na kuihakiki kabla jembe la kwanza halijapigwa. Ikidhihiri baadaye kuwa yaliyoandikwa si kweli, na mali imekwisha potea, lawama zote hutupiwa aliyeandika. Yule aliyetia sahihi yake chini husema, "Mimi nilipokea tu niliyoletewa." Suala letu ni hili: je, udhuru huo wafaa?

Sisi twaona kuwa haufai. Mwandishi aweza kukosea naye ana nia njema, maana hapana mwanadamu asiyekosea. Lakini mhakiki amewekwa pale kwa sababu hiyo hiyo. Akiacha kutazama, hakupunguza kazi yake bali ameiacha yote, wala hawezi kujitetea kwa kutojua, kwani kujua ndiko alikotakiwa. Fundi wa majahazi halazi mkuku mpaka amemuuliza mwenye chombo atachukua shehena gani na atasafiri bahari gani, na hapana mtu wa pwani amwambiaye kuwa anachelewesha.

Mfano mkubwa wa jambo hili katika nchi zetu ni ule mradi wa karanga wa Tanganyika. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walikuwa na dhiki ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 walitumwa watu watatu, mkubwa wao John Wakefield aliyekuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, wakazunguka kwa muda wa wiki 9, na sehemu kubwa ya nchi wakaitazama kutoka katika ndege. Wakaandika kuwa ekari 3,210,000 zaweza kulimwa karanga, nyingi katika hizo zikiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa gharama ya kiasi cha pauni milioni 24. Serikali ya London ikalikubali shauri hilo, na mwaka 1947 kazi ikaanza bila ya kulima kwanza shamba dogo la majaribio.

Khasara iliyofuata yajulikana. Udongo wa Kongwa una ufinyanzi, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali, na karanga ni mmea uzaao chini ya ardhi. Mvua nayo haikutosha. Mashina ya miti na mizizi yakavunja matrekta. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na zilizopotea ni kiasi cha pauni milioni 36. Wakefield alikosea, nasi hatusemi kuwa hakukosea. Lakini yeye alikuwa mtu mwenye ilimu yake, akasema alivyoona kwa muda aliopewa. Ama wale waliokaa London wakapokea khabari ya nchi wasiyoijua, wakaona ni nzuri kwa kuwa ndiyo waliyoitamani, hao ndio tusemao kuwa dhamana yao ni nzito zaidi. Wagogo, wenye nchi ile, walikuwa wangali wakikumbuka njaa ya Mtunya ya mwaka 1918 hadi 1920. Swali moja kwao juu ya mvua lingekuwa na faida kuliko hesabu nyingi za ofisini.

Mtu asidhani kuwa haya ni makosa ya ukoloni peke yake. Na tutazame Cheptais na sehemu za jirani yake, katika Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, na huko kilichoharibika hakikuwa karanga. Mwaka 1968 nyika ya juu ya Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na jamaa wa Mosop waliokaa huko wakatakiwa wahamie chini. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa kuwagawia ardhi Chebyuk. Lakini nani hasa aliyestahili, nao ni watu wangapi? Wasoy, ambao lugha yao na ya Mosop ni moja, nao walikuwa na madai. Ikabidi fungu la pili mwaka 1979, na la tatu mwaka 1989, na kila fungu likalalamikiwa kuwa wameandikwa wasiostahili na kuachwa wenye haki. Mwaka 2006 wakazuka watu wenye silaha. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa, na maelfu wakayahama makwao, mpaka jeshi la serikali likapelekwa mwezi wa Machi 2008, nalo likashutumiwa kuwatesa raia. Siasa ilikuwamo, hapana shaka. Lakini siasa ilikuta orodha isiyoaminiwa na mtu, ikapata pa kukamata.

Karatasi ya Kongwa ilisema uongo juu ya udongo, na ya Chebyuk juu ya watu, na aibu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwani mchanga hauwezi kusema lakini watu wangeweza kuulizwa. Leo katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe. Hilo ni jema, ila yataka tahadhari: mtu huandika jina lake kuonyesha kuwa alihudhuria mkutano, na jina lile lile likaja kusomwa kuwa ni ushahidi wa kuwa alikubali. Huko si kuhakiki, ni kuzidisha sahihi juu ya sahihi.

Huenda mtu akauliza, basi mhakiki angefanya nini Chebyuk, naye hakuumbiwa kujua ya ghaibu? Jawabu yetu ni kuwa hakutakiwa ghaibu. Angeichukua ile orodha akapanda nayo mlimani, akawakalisha wazee wa Mosop na wa Soy katika baraza moja, akayasoma majina kwa sauti, moja baada ya moja, na kila jina lililopingwa akaliweka kando mpaka lijulikane, na mnyororo wa mpima usiguse ardhi siku hiyo.