Mechi ya Mwisho Isiyo na Kombe



Wiki hii sikupanga kuandika juu ya mpira. Nilikuwa nimeanza tafakari ya mwezi wa Novemba, juu ya kuwaombea marehemu wetu, nikaiacha njiani. Jumamosi iliyopita nilifungua mdomo uwanjani, na tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuokoteza.

Mnaonifuata hapa mnajua nasoma Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Nyumbani ni Songea, na nimekua nikisikia kengele za Wabenediktini wa Peramiho. Mpira ninaoujua tangu utotoni ni ule wa miguu. Nilipofika huku nikakuta wanachokiita futiboli ni kitu kingine kabisa: mpira una umbo la yai, unabebwa mikononi, na wachezaji wamevaa helmeti na mapedi mabegani kama watu wanaokwenda vitani. Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa pili nikanunua kofia ya chuo. Mwaka huu, wa tatu, nimekuwa mmoja wa wale mashabiki wanaojua kila kitu kuliko kocha.

Niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Chuo chetu ni kidogo, kinacheza katika ligi inayoitwa MIAC, ligi ya vyuo vya Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1920. Iko Daraja la Tatu la michezo ya vyuo vya Marekani, na katika daraja hilo ni marufuku kumpa mwanafunzi ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Yule unayemwona anagongwa mbavu Jumamosi analipa ada kama mimi, na Jumatatu ana mtihani wa kemia kama mimi. Runinga kubwa hazina habari naye. Si kwamba watu hawaipendi, la. Mwaka 2017 Saint John's na St. Thomas, wapinzani wa jadi kama Simba na Yanga, walipokutana katika uwanja wa besiboli mjini Minneapolis, waliingia watu 37,355, idadi ambayo Daraja la Tatu lilikuwa halijawahi kuiona. Lakini Jumamosi nyingi ni wazazi, marafiki, na mbwa wa mtu mmoja aliyekaa karibu na lango.

Tangu 2021 vyuo 10 vya ligi yetu vimegawanywa makundi mawili. Wiki ya mwisho, katikati ya Novemba, wa kwanza wa kundi hili anacheza na wa kwanza wa kundi lile, na hiyo ndiyo fainali. Wengine nao wanakutana, kila mmoja na mwenzake wa nafasi ileile. Sisi tulikuwa huko chini. Hapakuwa na kombe, hapakuwa na nafasi ya kusonga mbele, ukishinda au ukifungwa Jumapili ni ileile. Mechi ya kukamilisha ratiba, kama tunavyosema nyumbani.

Tulikwenda watatu: mimi, mwenzangu wa Bukoba, na kaka mmoja wa Eldoret. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Kabla ya mchezo waliwatoa wachezaji wa mwaka wa nne mmoja mmoja, kila mtu na wazazi wake, wakatembea hadi katikati ya uwanja, mama anapewa ua, picha, makofi. Sisi tulikuwa bado tunahangaika na kahawa. Hatukutazama vizuri. Laiti tungetazama.

Na utani wetu mnaujua. Tunakaa pamoja, tunachambua kwa Kiswahili, tunacheka kwa sauti. Raha yenyewe ni kwamba hakuna anayetuelewa. Unaweza kumtukana mwamuzi mbele ya mke wake na akakutabasamia. Kiswahili kilikuwa kichaka chetu.

Robo ya nne, tumeshafungwa vya kutosha, kocha akaanza kuwaingiza wale wa mwaka wa nne ambao huwa wanakaa benchi. Akaingia kijana mmoja mrefu, mwembamba. Namfahamu kwa sura, huwa anasoma masomo kwenye Misa ya wanafunzi. Pasi ikarushwa kwake, nzuri, imemfika kifuani kabisa. Ikampita mikononi. Ikadunda chini.

Nikasimama, nikapaza sauti: "Miaka minne unalipiwa ada, hata yai hujui kudaka! Mleteeni kapu!"

Wenzangu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama mmoja aliyekaa safu mbili mbele yetu akageuka. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya suruali, na koti kubwa la baridi, na mkononi ameshika ua moja lililofungwa kwa karatasi. Alinitazama. Mimi, kwa mazoea tu, ulimi ukatoka wenyewe: "Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alisema kwa upole, kwa Kiswahili cha Kongo: "Ule ni mutoto yangu." Akageuka akaendelea kutazama mpira.

Basi. Hakusema kingine mpaka mwisho.

Mechi ilipoisha watu wakashuka uwanjani. Mimi nilibaki juu, miguu haikutaka. Wale wa mwaka wa nne hawakwenda kubadili nguo. Walizagaa kwenye majani na mapedi yao, wengine wamekaa, wengine wamekumbatiana, vijana wakubwa wenye shingo kama mafahali wanalia kama watoto. Zamani nilikuwa naona ni maigizo. Siku hiyo nilitambua kitu. Mpira wetu wa miguu hauna mwisho: una miaka 45, una kitambi, Jumapili jioni bado unakwenda uwanjani na wazee wenzako na unapiga chenga zako mbili. Huu wao si hivyo. Ukishavua yale mapedi mechi ya mwisho ya chuo, umevua. Timu za mtaani za kucheza na helmeti ni nadra. Wachache sana wanaendelea kulipwa, na kutoka vyuo kama chetu ni wa kuhesabu. Wale vijana walikuwa wanazika kitu pale, wakiwa hai, na wanajua saa na dakika.

Jioni tulipika ugali kwa yule kaka wa Eldoret, na mjadala ukawaka kama kila mwisho wa msimu. Kocha afukuzwe au abaki? Safu ya ulinzi ilikufa lini? Mmoja anasema tungeshinda ile mechi ya Oktoba tungekuwa wa pili. Mwingine amefungua simu anapiga hesabu za nani angemfunga nani. Mambo ya kawaida ya mashabiki, na siyakatai, nayapenda. Lakini nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba katika saa mbili nzima hakuna aliyetaja mtu. Tulitaja namba za jezi. Tulitaja "yule". Nilikaa kimya, wakadhani nina homa.

Nilikumbuka safari yangu ya Collegeville, kwenye chuo cha Saint John's. Nilikwenda kwa ajili ya abasia, wamonaki waliofika Minnesota mwaka 1856, sikwenda kwa ajili ya mpira. Lakini huwezi kufika pale usisikie habari za John Gagliardi. Alifundisha timu yao kuanzia 1953 hadi 2012, na katika maisha yake ya ukocha alishinda mechi 489, kuliko kocha yeyote wa mpira wa vyuo Marekani. Na njia yake ilikuwa ya ajabu. Mazoezini hakupuliza filimbi. Hakuruhusu wachezaji waangushane mazoezini. Hakutaka kuitwa kocha, alitaka waseme John tu. Na hakumkata mchezaji: ukija na ukakubali kufanya mazoezi, una jezi. Ndiyo maana benchi lake lilijaa vijana ambao hawangeguswa na mpira msimu mzima, na walikuwa wake kama wale wengine. Sijui kama ule ulikuwa ubenediktini au tabia yake tu. Ila nilipokuwa nasikia habari hiyo nilitikisa kichwa kwa furaha, nikasema hii ndiyo Injili. Ni rahisi kuipenda Injili ikiwa ya Collegeville.

Halafu ikaja Jumapili. Dominika ya 33, mnaikumbuka: watu wanashangilia mawe mazuri ya hekalu na sadaka zilizolipamba, na Bwana anawaambia siku zinakuja ambapo hapatabaki jiwe juu ya jiwe. Kanisa linatusomesha habari za mwisho katika wiki hizihizi ambazo ligi zinaisha huku, miti imepukutika, na sisi tuko katika mwezi wa marehemu. Na pale mwishoni Yesu hawasifu waliojenga. Anazungumza na wanaovumilia: hao ndio watakaoziokoa nafsi zao. Nikawaza juu ya mtu anayekwenda mazoezini jioni, miaka minne, halipwi, hachezi, na kesho anarudi. Sijui kama naweza kufanya kitu chochote kwa uvumilivu wa namna hiyo. Rozari yenyewe nimeanza mara ngapi na kuacha.

Msomaji wa somo la kwanza alikuwa yeye. Alisoma vizuri, bila haraka. Wakati wa kutakiana amani alipita kwenye benchi letu, akanishika mkono, akatabasamu. Mkono wake ulikuwa na plasta kwenye vidole viwili. Nikajua kwamba siwezi kukomunika. Bwana amesema wazi kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako pale altareni, upatane naye kwanza. Nilibaki nimekaa, watu wakanipita magoti.

Baada ya Misa nilikwenda kuungama. Padre alisikiliza yote, hakushangaa, akaniuliza swali moja: "Kwa Mungu umeomba msamaha. Na kwa yule mama?"

Jumatatu nikamtafuta kijana kwenye ukumbi wa chakula. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikamwambia, kaka, nimekuja kuomba msamaha kwa nilichosema Jumamosi. Akanitazama hivi, hajaelewa. "Ulisema nini?"

Mama yake hakumwambia.

Jamani, hilo sikuwa nimelitegemea. Ningeweza kuondoka. Ningesema "aa, basi, nilikuwa nashangilia vibaya," na yeye angebaki na amani yake. Hata sasa sina hakika kama nilifanya lililo sawa. Lakini alisisitiza, na ilinibidi niyaseme yale maneno upya, taratibu, mbele yake, juu ya sahani ya viazi. Ada. Yai. Kapu. Ukiwa umesimama katikati ya wenzako dhambi ya mdomo ni nyepesi kama pumba. Jaribu kuirudia ukiwa umemtazama mwenyewe machoni.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba katika miaka minne alirushiwa mpira mara tatu kwenye mechi. Miwili aliudaka. Akasema mikono ilikuwa imeganda, hakuisikia. Akasema pia, na hili alilisema huku anatazama dirishani, kwamba mama yake anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama, na Jumamosi huwa analala. Ile ilikuwa mechi yake ya kwanza kuitazama.

"Mimi nimekusikia," akaniambia. "Sasa mwambie yeye." Akachukua simu yangu akaandika namba. Hakunikumbatia. Hakusema yamekwisha. Alichukua sinia lake akaondoka. Usiku nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akajibu: andika, usitaje jina.

Leo ni Alhamisi. Namba ninayo tangu Jumatatu. Nimejiambia mama amelala, nimejiambia yuko kazini, nimejiambia nitapiga baada ya mtihani. Na nakiri mbele yenu kwamba hata makala hii naiandika kwanza kwa sababu kuwaandikia ninyi mamia ni rahisi kuliko kumpigia mama mmoja. Dominika hii ni Kristo Mfalme, mwaka wa Kanisa unafungwa, na ningependa kukomunika.

Zamu yake inaisha saa moja asubuhi. Sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu, nje bado giza, na simu iko mezani hapa karibu na kikombe.

Niombeeni. Salamu Maria moja tu inatosha, na ya pili kwa ajili yake yeye.